Klabu za wanyamapori vyuoni: tusiishie kwenye fulana na safari ya Mikumi

Mtoa mada

Wakuu, salaam.

Kila vyuo vikifunguliwa naona matangazo yale yale kwenye magrupu: klabu ya wanyamapori inaandikisha wanachama wapya, kiingilio kiasi fulani, fulana kiasi fulani, safari ya Mikumi mwezi ujao. Bumu (hela ya mkopo wa wanafunzi) likitoka watu wanalipa, basi linakodiwa, picha zinapigwa na twiga kule Kikoboga, wanarudi usiku wakiimba. Baada ya hapo kimya mpaka mwaka mwingine.

Safari yenyewe sina ugomvi nayo. Kuna wenzetu wamezaliwa na kukulia Morogoro mjini na hawajawahi kuona tembo mpaka siku ile ya basi la klabu. Lakini klabu ya chuo kikuu ina watu wanaofundishwa kusoma nyayo, kuhesabu wanyama na kuchambua takwimu. Watu hao wakimaliza miaka mitatu bila kuacha hata ukurasa mmoja wa kumbukumbu, hifadhi imepoteza kitu, na wao wamepoteza zaidi.

Hoja yangu ni hii: klabu ichague kazi moja au mbili zinazowezekana bila mfadhili, izifanye mahali palepale kila mwaka, na iandike. Nitaeleza tulivyofanya sisi tukiwa chuoni Morogoro. Nilimaliza zamani kidogo, ila bado nawasiliana na wanaoendelea.

Kazi yetu kubwa ilikuwa barabara. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia inaikata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Hifadhi ilianzishwa 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na katikati yake usiku na mchana yanapita malori ya Zambia na Kongo, mabasi ya Mbeya, Iringa na Songea, na magari madogo ya watu wenye haraka zao. Yapo matuta, vipo vibao vya mwendo, na lipo bango linalotaja kila mnyama na faini yake kwa dola. Bado wanagongwa.

Mwanzoni tulidhani tutakuta nyati na twiga. Hao wapo, na ndio wanaoingia kwenye habari kwa sababu gari nalo huharibika. Lakini wengi tuliowaandika ni wadogo: nguchiro, kanu, fungo, sungura, bundi, nyoka. Nakumbuka kanu mmoja jike, amelala ukingoni mwa lami upande wa Doma kana kwamba amesinzia. Mwili hauna jeraha, manyoya bado yana umande, damu kidogo tu puani. Alikuwa ananyonyesha. Askari mhifadhi tuliyekuwa naye alitembea majanini kutafuta watoto, hakuwapata. Tukaandika saa, alama ya kilomita, upande wa barabara na aina ya uoto, tukaendelea. Saa moja baadaye tunarudi, tumbusi wawili walikuwa wameshammaliza.

Nataja hilo makusudi. Mzoga wa mnyama mdogo haukai barabarani. Fisi wanachukua usiku, tumbusi na kunguru asubuhi, na unaobaki unasagwa na malori mpaka haujulikani. Ukipita saa nne unaona barabara safi, unasema hali si mbaya. Ndiyo maana tulianza alfajiri, gari likienda taratibu, watu wawili wakiangalia kulia na wawili kushoto, mmoja akiandika. Na hata hivyo tulijua idadi tunayoandika ni ndogo kuliko wanaokufa kweli.

Ukishaandika msimu mmoja huoni kitu. Ukiandika misimu kadhaa ndipo unaona vifo havijasambaa sawasawa. Kuna vipande vya barabara vinavyojirudia, hasa panapokuwa na maji karibu au majani mabichi pembeni. Kuna sehemu nyani wamezoea kukaa kwa sababu abiria wanawatupia ndizi na mahindi ya kuchoma. Ukimtupia nyani chakula kwenye lami umemfundisha kwamba lami ni mahali pa kula. Mnaosafiri njia hiyo nawaombeni sana, muwaambie na watoto wenu.

Kazi ya pili ilikuwa ndege wa bwawa la Mindu. Huhitaji kiingilio cha hifadhi, huhitaji basi la kukodi, unapanda daladala unashuka njia ya Iringa. Ndege wa maji huhesabiwa Januari katika nchi nyingi za Afrika, na mwezi huo wageni kutoka Ulaya na Asia bado wako huku, kwa hiyo hesabu yako inaweza kulinganishwa na ya wengine. Mgeni wa mwaka wa kwanza anafundishwa pale pale: usihesabu mmoja mmoja wakiwa kundi. Hesabu kumi, ona kumi wanachukua nafasi gani kwenye darubini, kisha pima kundi zima kwa nafasi hiyo. Yangeyange ni rahisi kwa sababu ni weupe. Mnandi wanakusumbua, huyu anazama huyu anaibuka. Baada ya asubuhi mbili tatu macho yanazoea.

Nyingine nitaigusa tu. Tulipanda Uluguru kupitia Morningside kuwaonyesha wenzetu wa fani nyingine msitu ambao maji yake yanaingia mto Ruvu na kunywewa Dar es Salaam. Kule juu yupo ndege mmoja wa jamii ya mbwigu ambaye haishi mahali pengine popote duniani isipokuwa milima hiyo. Wanafunzi wa uhasibu walikuwa wa kwanza kuuliza maswali.

Jambo la mwisho, na hapa ndipo klabu nyingi zinapofia. Viongozi wanamaliza chuo Julai, takwimu ziko kwenye simu ya katibu, katibu kaenda kwao Sumbawanga, simu imeibiwa. Mwaka unaofuata wanaanza sifuri. Sisi tulikuwa na daftari gumu la karatasi, nakala moja kwa mlezi wa klabu idarani, nyingine kwenye kompyuta ya idara. Uongozi mpya haukabidhiwi mhuri mpaka wawili kati yao wawe wameshaenda fildi na wa zamani.

Naomba kuwasilisha. Karibuni tujadili.

Chozi wa Bondwa

Mtoa mada umeandika vizuri. Nami nimepita chuo hicho hicho cha Morogoro na naongeza kitu ulichokisahau: panya.

Watu wa nje hawajui kwamba panya buku wanaonusa mabomu ya ardhini hufunzwa Morogoro, pale SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), na shirika la APOPO. Magawa, panya yule aliyepewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza 2020 kwa kazi yake Kambodia, alizaliwa huko huko. Sasa kuna panya waliofunzwa kunusa magamba ya kakakuona, pembe za ndovu, pembe za faru na mpingo, hata vikifichwa ndani ya vitu vingine vyenye harufu kali kama kahawa.

Klabu ilipotupeleka kuangalia mafunzo nilitegemea kuona kitu cha maabara. Nikaona panya amevaa kizibao kidogo, kifuani kuna kijipira kinaning'inia. Akinusa alichofundishwa anakishika kijipira kwa mikono yake ya mbele na kukivuta, kinalia mlio, anapewa chakula. Ni hivyo tu. Nilikuwa mwaka wa pili, sijui nitafanya nini na shahada yangu. Siku ile nilijua uhifadhi hauishii kwenye kubeba bunduki porini. Kontena bandarini nalo ni eneo la kazi.

Mkazi wa Mang'ula

Samahani kwa kuingia kati, mimi si mwanachuo, ni mkulima. Nimesoma mambo ya kanu na yangeyange, mazuri. Ila huku Kilombero sisi tuna tembo shambani. Wanatoka Udzungwa usiku, asubuhi mpunga umelala chini na migomba imeng'olewa. Wanafunzi wanakuja na madodoso yao, wanauliza eka ngapi, watoto wangapi, wanaondoka. Hatuwaoni tena. Klabu yenu ilitusaidia nini?

Mtoa mada

Mkuu wa Mang'ula, hujaingia kati, swali lako ndilo lenye uzito kuliko yote humu.

Udzungwa imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1992, na upande wa pili wenu kuna iliyokuwa Selous, ambayo sehemu yake kubwa tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Tembo walikuwa wakienda na kurudi kati ya huku na kule tangu enzi za mababu, na ushoroba ule, yaani njia yao ya kupita, ukabanwa na mashamba, reli na barabara. Ndiyo maana ilipojengwa barabara ya lami ya Kidatu hadi Ifakara, tembo wakajengewa kivuko cha kupita chini. Mwanafunzi asiyeijua historia hiyo hana haki ya kukuletea dodoso.

Tulichofanya sisi kwenye vijiji vya jirani na hifadhi kilikuwa kidogo, na nitakisema kama kilivyo. Tulifanya kazi na wakulima wenye uzio wa mizinga. Mizinga inatundikwa kila baada ya mita 10 kuzunguka shamba, imeunganishwa kwa waya. Tembo akisukuma waya apite, mizinga inatikisika pande zote na nyuki wanatoka. Tembo anaogopa nyuki kwa sababu wanamuuma penye ngozi laini, machoni na ndani ya mkonga. Kila mkulima alikuwa na daftari lake la kuandika usiku ambao tembo wamekuja, wamefika wapi, wamegeuka au wamepita. Kazi ya klabu ilikuwa kurudi kila muhula, kukaa naye, kujumlisha, na kumrudishia majibu kwa maneno, papo hapo, kabla hatujayapeleka chuoni.

Uzio huo si dawa ya kila kitu. Kiangazi maua yakikosekana nyuki wanahama, mizinga inabaki mitupu, na tembo si mjinga. Waya unalegea, nguzo zinaliwa na mchwa. Kwa hiyo tulikuwa tunashika nyundo na kutengeneza. Nadhani kilichotufanya tukaribishwe tena ni kule kutengeneza kuliko takwimu.

Mkazi wa Mang'ula

Hapo nimekuelewa. Na kifuta jasho je? Maana hapo ndipo tunapochoka kabisa. Jirani yangu amejaza fomu na mpaka leo anasubiri.

Bwana Nyama Mstaafu

Naomba nimjibu mkulima, nimekaa kwenye kazi hiyo miaka mingi.

Mzee, kwanza ujue kwamba sheria haisemi fidia. Inasema kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kuuawa. Kanuni zilizotoka 2011 ziliweka kiwango kwa eka, mwisho eka tano, na kiwango kilipanda kadiri shamba lilivyokuwa mbali na mpaka wa hifadhi. Aliyelima ndani ya mita 500 kutoka mpakani hakuwekewa chochote. Wakulima wengi hawakuambiwa hilo walipokuwa wanafyeka.

Kinachochelewesha mara nyingi ni ushahidi. Tembo akiingia leo, toa taarifa kijijini leo, ofisa aje aone nyayo na mazao yaliyolala yakiwa bado mabichi. Ukingoja wiki mvua ikanyesha, anachokiona ofisa ni shamba lenye majani. Na hapa ndipo ninapoona klabu za vyuo zingefaa: kuwafundisha vijana wa kijiji kupiga picha zenye tarehe, kupima eneo lililoharibika kwa hatua au kwa simu, na kujaza fomu ikaeleweka. Kijana wa mwaka wa pili anaweza kufanya hivyo Jumamosi moja.

Sasa na nyie wanafunzi nina neno. Naona klabu nyingine zinajisifu kuondoa mitego ya nyaya porini. Msiingie huko bila askari. Nyaya zile, nyingi zimetolewa kwenye matairi yaliyochomwa, jangili hategi mtego mmoja, anatega mstari mzima na huwa anarudi kuangalia. Mkikutana naye mko sita na kalamu mkononi, yeye ana panga.

Na msiokote. Fuvu la pundamilia, jino la ngiri, mwiba wa nungunungu, vyote ni nyara za serikali chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009. Kumiliki bila kibali ni kesi ya uhujumu uchumi, na kesi hizo dhamana yake si ya kuchezea. Nimeona chumba cha klabu moja, sitaitaja, kuna meza ya maonyesho imejaa mafuvu na pembe na hakuna hata karatasi moja ya kibali. Mlezi wenu aombe vibali kwa maandishi na vikae ukutani.

Mtoa mada

Bwana Nyama, shikamoo, na asante sana. Hilo la nyara natamani kila mwaka wa kwanza alisikie siku ya kujiandikisha. Na wazo lako la fomu za kifuta jasho ni zuri kuliko mengi tuliyowahi kuyafanya. Nitalipeleka kwa uongozi uliopo.

Kwa wengine wanaosoma: kwenye barabara ya Mikumi pia hatukuwahi kushuka garini bila askari mhifadhi kuwa nasi. Barua ilitoka kwa mlezi kwenda kwa mhifadhi mkuu, inaeleza tarehe, majina na kazi. Ukitaka takwimu ziwe utafiti wa kuchapishwa, ni lazima upitie TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania) na utaratibu wake. Msiruke hatua.

Mwanafunzi wa Eldoret

Niaje watu wa Bongo. Sisi huku Kenya tuna bahati moja, watoto wengi wanafika chuo wakiwa tayari wamepitia Wildlife Clubs of Kenya. Ilianza 1968, na ilianzishwa na wanafunzi wenyewe. Mimi nilisoma jarida lao, Komba, nikiwa darasa la sita na ndiyo sababu niko kwa kozi hii.

Nauliza, nyinyi hamna kitu kama hicho cha kuwalea watoto kabla wafike chuo?

Chozi wa Bondwa

Kipo, ndugu yetu. Malihai Clubs of Tanzania, tangu 1980, makao yake Arusha. Na Roots & Shoots, mpango wa vijana wa mtafiti wa sokwe Jane Goodall, ilianzia hapa hapa Dar es Salaam 1991 na kundi dogo la wanafunzi, ndipo ikasambaa duniani. Shule nyingi ziliwahi kuwa na klabu za Malihai, ila mwalimu mlezi akihamishwa klabu inalala. Hapo ndipo wanachuo wanaweza kuingia: chukueni shule moja tu ya msingi, iliyo jirani na chuo au na hifadhi, na muende mara kwa mara kila muhula. Watoto wakishawajua majina wanauliza wanachokitaka kweli. Tuliwahi kuulizwa na mtoto kwa nini tembo ana walinzi na bibi yake hana. Mwenzetu aliyekuwa mbele hakukwepa, alikaa kwenye dawati la mbele wakaongea mpaka kengele ikalia, na wiki iliyofuata bibi mwenyewe alikuja shuleni na mazungumzo yakaendelea naye.

Kijana wa Dodoma

Wakuu, mimi niko chuo kimoja Dodoma, ni katibu wa klabu mpya. Hatuna gari, hatuna mlezi mwenye fani hii, hifadhi ziko mbali, na kwenye akaunti kuna hela za fulana tu. Kweli tunaweza kufanya kitu, au tusubiri mfadhili?

Mtoa mada

Msisubiri, mkuu. Mfadhili hata akija atauliza mmeshafanya nini, na mtakuwa na picha za fulana.

Mnalo bwawa la Hombolo. Anzeni na ndege wa maji kama sisi tulivyofanya Mindu. Darubini mbili zinatosha watu wanane wakipokezana, na hela za fulana zinanunua hizo. Jengo la chuo chenu nalo lina popo, mijusi, ndege wanaojenga chini ya paa. Andikeni wanakaa wapi na wanaondoka mwezi gani. Mlezi si lazima awe mtu wa wanyamapori, mwalimu wa biolojia au jiografia anafaa kabisa, mradi awe mtu wa kutunza karatasi.

Chagueni pointi tatu za kusimama ukingoni mwa bwawa, mzipige picha, mziandike kwa maelezo ambayo mgeni akiyasoma atafika pale pale: mti gani, jiwe gani, unatazama upande gani. Mkibadilisha mahali pa kusimama kila mara, hesabu ya mwaka huu haiwezi kuongea na ya mwaka jana. Andikeni pia hali ya hewa, saa ya kuanza na ya kumaliza, na majina ya waliohesabu. Ndege msiyemjua mwandikeni hivyo hivyo, "hajulikani, mkubwa, miguu mirefu ya njano", na mpige picha. Kumbukumbu yenye mapengo ya kweli ina thamani kuliko iliyojazwa kwa kubahatisha.

Kijana wa Dodoma

Asante mno. Jumamosi tunaenda Hombolo kutafuta hizo pointi tatu. Kuna mtu yeyote Dodoma mwenye darubini ya kuazima mpaka tununue zetu? Na kitabu cha ndege chenye majina ya Kiswahili kinapatikana duka gani?

Bwana Nyama Mstaafu

Darubini ninayo, niko Ipagala. Ni ya zamani lakini kioo chake kizima. Nitumie ujumbe binafsi, uje na kitambulisho cha chuo. Kitabu cha majina ya Kiswahili sina, ila kuna wavuvi pale Hombolo. Waulizeni wao ndege wale wanawaitaje na muandike na jina la Kigogo.